Binti kapata skolashipu tatu za nje, chuo kikakata ruzuku yake kiasi kile kile. Mliopitia haya Marekani, tusaidiane

MamaSalma

Wadau, habari zenu. Nimekuwa msomaji tu humu kwa muda mrefu, leo nimeona niandike maana usingizi umenigomea wiki nzima.

Binti yetu wa kwanza amepata nafasi katika chuo cha binafsi hapa Marekani, shahada ya miaka minne. Barua ya msaada wa kifedha ilipofika mwezi wa tatu, mimi na baba yake tuliisoma mara nne. Gharama za mwaka wameandika dola 58,000. Ruzuku ya chuo chenyewe 36,000. Pell Grant, ile ruzuku ya serikali kuu kwa familia za kipato cha chini, 4,995. Mkopo ambao serikali inalipia riba wakati anasoma 3,500, mkopo mwingine unaoanza kuzaa riba siku ile ile 2,000, na kazi za chuoni za mpango wa serikali 2,500. Jumlisha zote unapata 48,995. Linabaki pengo la dola 9,005, na barua haisemi litazibwa na nani.

Mtoto alikuwa ameshaanza kuomba skolashipu za nje tangu Januari. Kila Jumamosi yuko mezani na insha zake, wenzake wako matembezini. Akapata 5,000 kutoka chama cha wafanyakazi cha baba yake, 2,000 kutoka kanisani, na 1,000 kutoka mfuko wa jamii wa kaunti yetu. Jumla 8,000. Siku hiyo nililia kwa furaha, nikaona pengo limebaki dola elfu moja tu.

Mwezi wa saba ikaja barua mpya. Ruzuku ya chuo imeshuka kutoka 36,000 hadi 28,000. Mengine yote yako vile vile, mikopo ipo, kazi ipo, pengo ni lile lile 9,005. Nilipopiga simu niliambiwa ndio utaratibu.

Naomba kuuliza mnaojua. Je, sheria inaruhusu? Tungenyamaza tu bila kuwaambia chuo? Na huyu mtoto aendelee kuomba au aache, maana ameniuliza swali hilo nikakosa jibu.

---

Msomi_wa_Fomu

Shikamoo mama. Pole sana, na mpe binti hongera zangu. Nimefanya kazi miaka sita katika ofisi ya misaada ya kifedha ya chuo (si hicho chenu), kwa hiyo nitaandika kwa urefu kidogo.

Kwanza, kunyamaza hapana. Chuo kinatakiwa kuhesabu kila msaada ambao mwanafunzi anapata, na wafadhili wengi hutuma hundi moja kwa moja chuoni, kwa hiyo wangejua tu. Wakijua muhula umeshaanza, wanakata katikati ya mwaka, na hapo unadaiwa fedha ambayo umeshaitumia. Ripoti mapema, tena kwa maandishi.

Sasa sheria. Kanuni ya serikali kuu ina mipaka miwili. Jumla ya misaada yote isizidi gharama za mwaka ambazo chuo kimekadiria. Na ile misaada inayotolewa kwa kuangalia uhitaji, ukichanganya na skolashipu za nje, isizidi uhitaji wenyewe, yaani gharama kutoa SAI, ile namba inayokadiria uwezo wa familia, inayotoka kwenye FAFSA, fomu ya serikali kuu ya kuomba msaada wa masomo. Pell ya juu kabisa ni 7,395. Kama binti amepewa 4,995, basi SAI yenu ni kama 2,400, na uhitaji wake ni 55,600.

Tupige hesabu kwa ruzuku ya zamani. 36,000, ongeza Pell 4,995, mkopo wa 3,500, kazi 2,500 na skolashipu 8,000. Inakuja 54,995. Iko chini ya 55,600. Ule mkopo wa 2,000 hauhesabiwi kwenye uhitaji, na hata ukiuongeza unafika 56,995, bado hujagusa 58,000.

Mama, serikali haikuwalazimisha kukata hata dola moja. Huo ni uamuzi wa chuo. Na uamuzi wa chuo unaweza kuzungumzwa.

Kila chuo kina mfuatano wake wa kukata. Vyuo vyenye huruma hujaza pengo kwanza, halafu hupunguza mkopo, halafu kazi, na ruzuku yao huigusa mwisho kabisa. Vingine huanza na mkopo na kazi bila kuangalia pengo. Vingine, kama hiki chenu, hurukia ruzuku moja kwa moja. Pell yenyewe haipunguzwi kwa sababu ya skolashipu ya kawaida kama hizi zenu. Kuna kanuni ya kuanzia Julai 1, 2026, kwamba mwanafunzi ambaye ruzuku zake zisizo za serikali kuu zinafikia au kuzidi gharama zote za mwaka hapati Pell, lakini nyinyi mko mbali sana na hapo.

Fanya hivi. Andika barua pepe, usipige simu, uwaombe wakutumie sera yao ya skolashipu za nje kwa maandishi. Halafu omba kwa maneno haya haya: kwamba 8,000 iondoe kwanza mikopo na kazi kabla ya kugusa ruzuku. Usiseme "mmetuonea", sema "tunaomba mfuatano ubadilishwe". Nimeona barua za namna hiyo zikikubaliwa mara nyingi kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu anayesoma ni mfanyakazi kama mimi, na mara nyingine sera inamruhusu ila hakuna aliyeomba.

---

Kaka_Ohio

Nimesoma majimbo mengine yamepiga marufuku hiki kitu. Ni kweli?

---

Msomi_wa_Fomu

Ni kweli kaka. Maryland ilikuwa ya kwanza, mwaka 2017, kwa vyuo vyake vya umma. Baadaye zikafuata New Jersey, Washington, Pennsylvania na California. Masharti hayafanani. Sheria ya California ilitiwa saini 2022 na inawalinda hasa wanafunzi wanaostahili Pell au msaada wa Dream Act wa jimbo hilo, ule wa wanafunzi wasio na hati za uhamiaji. Inayohusika ni sheria ya jimbo kilipo chuo, kwa hiyo mzazi mwenye mtoto aliyevuka jimbo kwenda kusoma asiangalie sheria za kwake nyumbani.

---

MamaSalma

Marahaba mwanangu, Mungu akubariki. Chuo hakiko katika majimbo hayo. Nimeiandika barua pepe usiku huu huu, binti ameihakiki Kiingereza chake.

---

Mwalimu_Tegemeo

Nami nitoe wazo tofauti kwa heshima. Fedha ya ruzuku ya chuo ina mwisho. Kama Salma amepata 8,000 kwingine, ile 8,000 ya chuo inaweza kumfaa mtoto mwingine ambaye hana chama cha wafanyakazi wala kanisa lenye mfuko. Tusiwaone vyuo kama wezi.

---

Neema_wa_Insha

Mwalimu, nimekuelewa na hoja yako ina uzito. Ila jiulize kanisa lilichangisha kwa ajili ya nani. Wale akina mama waliouza keki walitaka Salma apunguziwe mzigo. Fedha yao imeingia chuoni na mzigo wa Salma haujapungua hata kilo. Kama chuo kingeondoa mkopo wake kwanza, mtoto mwingine angesubiri kidogo, lakini mfadhili angekuwa ametendewa haki.

Mimi nilimaliza mwaka juzi, nikiwa nimesomeshwa kwa sehemu kubwa na skolashipu ndogo ndogo, jumla kumi na moja kwa miaka minne. Kwa hiyo kwa swali la binti kama aendelee: aendelee, dada yangu mpe salamu, ila abadilishe namna.

Nilianza kama kila mtu, na zile kubwa. Coca-Cola Scholars inachukua wanafunzi 150 kwa mwaka nchi nzima na kumpa kila mmoja 20,000. Gates nayo inachukua wachache, na lazima uwe unastahili Pell. Dell Scholars inachukua 500, nao wanatoa 20,000. Ziombe, hasa wenzetu waliokuja kama wakimbizi, maana Coca-Cola kwa mfano haitaki uraia peke yake, inapokea wenye grini kadi, wakimbizi na waliopewa hifadhi. Lakini usiweke matumaini yako yote pale. Mimi zote tatu sikupata.

Nilichopata kilitoka karibu. Mfuko wa jamii wa kaunti, ambao ukijaza fomu moja unaingizwa kwenye skolashipu nyingi kwa mpigo. Benki ya ushirika ambako mama ana akaunti. Hospitali alikofanya usafi shangazi. Idara yangu mwenyewe chuoni kuanzia mwaka wa pili, ambako mwaka mmoja tuliomba watu wanne na waliopewa walikuwa watatu. Mshauri wa shule ya sekondari ana orodha ya wafadhili wa mtaani ambayo huwezi kuipata kwa kutafuta intaneti, na wanafunzi wengi hawamwendei. Kwa kutafuta mtandaoni, CareerOneStop ya Wizara ya Kazi na BigFuture ya College Board ni za bure.

Kuhusu insha, niliandika tatu nzuri na nikazitumia upya kila mara. Moja kuhusu nilikotoka, moja kuhusu kazi ninayotaka, moja kuhusu jambo nililowafanyia wengine. Kila ombi nilikuwa nabadilisha mwanzo na mwisho na kuhakikisha nimejibu swali lao, si langu. Nilipoacha kuandika "tangu utotoni nimependa kusaidia watu" na kuanza kuandika jinsi nilivyokuwa namtafsiria bibi kwa daktari nikiwa na miaka kumi, ndipo majibu yakaanza kuja.

Na aangalie kama ni ya mwaka mmoja au inarudiwa. Hapo ndipo familia nyingi zinaumia. Mwaka wa kwanza mtoto ana skolashipu tano, mwaka wa pili hana hata moja, na ruzuku ya chuo iliyokatwa huwezi kuwa na hakika itarudishwa. Uliza hilo kwa maandishi pia: skolashipu ya nje ikiisha, ruzuku inarudi?

---

Msomi_wa_Fomu

Neema ameligusa jambo kubwa. Naongeza njia nyingine: zungumzeni na wafadhili wenyewe. Mfadhili akiambiwa kwamba fedha yake imemezwa, wengi hawafurahi. Wengine hukubali kuishikilia mpaka mwaka wa pili, au kuigawa kwa miaka miwili. Chama cha wafanyakazi kinaweza kukataa kwa sababu ya hesabu zao za mwaka, lakini kanisa mnakaa nalo.

Vile vile chuo kinaweza kuongeza makadirio ya gharama zake kwa mwanafunzi mmoja akileta ushahidi, kwa mfano amenunua kompyuta ya masomo. Makadirio yakipanda, nafasi ya skolashipu inapanuka. Kwa Salma hakuna haja maana hajafika kwenye kikomo, ila kuna mzazi mwingine atasoma hapa na litamfaa.

---

Juma_F1

Jamani tusiosaidiwa na FAFSA mnatusahau. Mimi niko hapa kwa F-1, viza ya wanafunzi wa kigeni. Sina Pell, sina mikopo ya serikali, na skolashipu nyingi ukifungua mstari wa kwanza ni "raia au mkazi wa kudumu". Ninajifunza kusoma masharti kabla ya kuandika insha, kwa sababu mwaka wa kwanza niliandika insha saba kwa wafadhili ambao wasingeweza kunipa hata wangetaka.

Nataka kuwaonya kuhusu kodi, kwa sababu sikuambiwa na mtu. Nilipata ufadhili unaolipa ada na pia dola 12,000 za chumba na chakula. Sehemu ya ada, ada nyingine za lazima na vitabu vinavyotakiwa darasani haina kodi. Sehemu ya chumba na chakula inatozwa kodi. Kwa sisi wa F-1, chuo hukata asilimia 14 moja kwa moja. Kwa hiyo 1,680 iliondoka kabla sijaiona, na mimi nilikuwa nimeshapanga hadi senti ya mwisho. Wanafunzi wa nchi zenye mkataba wa kodi na Marekani wanaweza kupunguziwa. Kenya, Tanzania na Uganda hazina.

Barua ya skolashipu ya nje ina faida moja kwetu: unaweza kuionyesha chuo unapothibitisha uwezo wa kulipa ili upewe I-20, ile fomu ya chuo ya kuombea viza. Iwe imetaja kiasi, muda, na kama inarudiwa.

---

MzeeWaHesabu

Juma ameanza jambo langu. Naandaa marejesho ya kodi, na kila mwaka naona familia za kwetu zinaacha fedha mezani hapa.

Kwa wale ambao ni wakazi kwa sheria za kodi, kuna nafuu inaitwa American Opportunity Credit. Inafika 2,500 kwa mwanafunzi kwa mwaka, kwa miaka minne ya kwanza. Unapata asilimia 100 ya dola 2,000 za kwanza za ada na vitabu ulizolipa, na asilimia 25 ya 2,000 zinazofuata. Hata kama hudaiwi kodi yoyote, unaweza kurudishiwa hadi 1,000. Inadaiwa kwa fomu 8863.

Hapa skolashipu zinaingiaje? Chukua mwanafunzi wa chuo cha jamii, ada yake 4,000, skolashipu zake 6,000. Mzazi anaona ada yote imelipwa na skolashipu, anasema hana cha kudai. Lakini kama masharti ya skolashipu yanaruhusu kutumika kwa chakula na malazi, na mtoto ana gharama hizo kweli, familia inaweza kuhesabu kwamba 6,000 imekwenda kwenye chakula na malazi, na ada ya 4,000 imelipwa kwa fedha nyingine. Hiyo 6,000 inakuwa kipato cha mtoto kwenye marejesho yake. Mtoto asiye na kipato kingine, kiwango chake kisichotozwa kodi kwa kawaida kinaimeza yote. Mzazi anadai 2,500. Hii iko ndani ya maelekezo ya mamlaka ya kodi yenyewe, si ujanja.

Ila skolashipu iliyoandikwa "kwa ada tu" hairuhusu hili, na kodi ya jimbo inaweza kuwa na mambo yake. Kama huna wa kukuandalia, kuna vituo vya VITA vinavyofanya bure kwa wenye kipato cha chini. Nendeni na fomu 1098-T, ile ya chuo inayoonyesha ada na skolashipu, pamoja na barua za skolashipu zote.

Jambo la mwisho kwa walioweka akiba ya masomo ya mtoto kwenye mpango wa 529, ule wenye nafuu ya kodi: akipata skolashipu, unaweza kutoa kiasi hicho hicho bila ile adhabu ya asilimia 10. Kodi ya faida iliyozaliwa ndani utalipa.

---

Kaka_Ohio

Mzee asante sana. Mdogo wangu amepigiwa simu anaambiwa "umechaguliwa" kupata skolashipu ya 10,000, atume 75 ya usajili. Ni kitu cha kweli?

---

Neema_wa_Insha

Hapana kaka, mwambie asitume. Alichaguliwaje wakati hakuomba? Mfadhili wa kweli anatoa fedha, haombi. Wakiomba namba ya kadi ya benki au namba ya hifadhi ya jamii ili "kumhifadhia nafasi", akate simu. FAFSA nayo ni bure, kwenye studentaid.gov, huwa inafunguliwa Oktoba. Anayewatoza kuijaza anawatoza kazi ambayo chuo na mshauri wa shule wanaifanya bila malipo.

---

MamaSalma

Wadau, nimerudi na majibu baada ya siku kumi na mbili.

Chuo kilituma sera yao. Ni kurasa mbili, na kwenye ukurasa wa pili imeandikwa kwamba mwanafunzi *anaweza kuomba* skolashipu ya nje ianze kuondoa mikopo. Anaweza kuomba! Hakuna aliyetuambia. Tukaomba. Wamekubali mikopo yote miwili, 5,500. Kazi ya chuoni walikataa kuigusa, na pengo walikataa kulijaza.

Mchungaji nilimfuata Jumapili baada ya ibada. Amekubali ile 2,000 ya kanisa ikae mpaka mwaka wa pili, kamati imeandika barua. Kwa hiyo mwaka huu skolashipu za nje ni 6,000. Mikopo imeondoka 5,500, na ruzuku imepungua 500 tu. Iko 35,500.

---

Msomi_wa_Fomu

Hongera mama. Na lile pengo?

---

MamaSalma

Pengo ni lile lile, mwanangu, 9,005, nimehesabu mara tatu. Ila mtoto ataanza mwaka wa kwanza bila deni hata senti.

---

Msomi_wa_Fomu

Angalia ndani ya zile 58,000, mama. Hayo ni makadirio, siyo ankara. Humo kuna vitabu, nauli za kurudi nyumbani likizo, na matumizi binafsi, vitu ambavyo chuo hakiwadai. Ankara yenyewe ina ada, chumba na chakula. Mkiitenganisha, mtaona deni la chuo ni dogo kuliko pengo. Vitabu atafute vya kukodi au vya maktaba. Fedha ya kazi ya chuoni ataipata kidogo kidogo kwenye mshahara wake, haitapunguza ankara ya mwezi wa nane, kwa hiyo msiihesabu huko. Kisha ulizieni mpango wa kulipa kwa mwezi, vyuo vingi vinao, hauna riba, mnalipa ada ndogo tu ya kujiandikisha.

---

MamaSalma

Tumefungua makadirio na ankara sasa hivi. Vitabu, nauli na matumizi wameviweka 4,200. Kwa hiyo cha kulipa chuoni, ukiitoa na ile kazi kama ulivyosema, ni 7,305. Kwa miezi kumi ni 730 na kitu kwa mwezi. Baba yake amesema atachukua zamu ya Jumamosi.

Salma ameomba nimwachie meza. Idara yake ina skolashipu ya wanafunzi wa mwaka wa pili, mwisho wa kuomba ni Februari, na anasema anataka kuianza mapema.